Mwenye Cheni Akae

Ndugu yangu msomaji, sogea karibu. Haya nitakayokuambia sijayasema kwenye jumuiya, na hata Baba Deo, mume wangu, anajua nusu tu. Wewe nakuamini. Hutayageuza umbea wa kisimani.

Huku kwetu Ntobeye kuna mama mmoja aliyetaka jambo moja tu kabla macho yake hayajafunga: auone uso wa binti yake. Hakuomba kupona. Hospitali walishamwambia kwamba presha ya macho ikishakula mshipa, mshipa haurudi, na dawa ya matone ni ya kuchelewesha tu. Alielewa. Aliomba huo uso, basi, na mimi ndiye niliyetumwa kuutafuta.

Sitakueleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hayo yatasemwa siku ya msiba wake, wapo watu wa kuyasema na watayasema kwa urefu mpaka watu wasinzie. Mimi nitamwita Mama Msimamizi, kama ninavyomwita siku zote. Alinisimamia ndoa. Na kwetu, mtu akikusimamia ndoa hakai nyuma yako kanisani siku moja akaenda zake. Anakuwa mama yako wa pili. Ukikosana na mume, hukimbilii kwenu, unakimbilia kwake, na yeye ndiye anayekurudisha. Mimi amenirudisha mara nyingi, na mara moja alinisindikiza na mwiko mkononi, ananigonga nao mgongoni kila nikipunguza mwendo.

Siku ya ndoa yangu ndipo nilipoiona kazi yake kwa mara ya kwanza. Shangazi alikuwa ameniazima cheni yake ya dhahabu, nyembamba kama unywele, na mimi kwa ushamba nikaitia kwenye mkoba pamoja na rozari, pini za shela na funguo. Tumefika nyuma ya kanisa, naitoa, ni donge. Kwaya imeshaanza. Nikaanza kuvuta huku na huku, machozi yananitoka. Mama Msimamizi akanipiga kofi mkononi, akaninyang'anya. Akaniambia ninyamaze, nalowesha poda, na hiyo poda anaihitaji. Kisha akapitisha vidole viwili shavuni kwangu, akachukua poda ya uso wangu, akaipaka kwenye lile donge, akawa analisugua taratibu kama mtu anayesugua ulezi kiganjani. Kwaya ikarudia wimbo. Ikarudia tena. Padre akamtuma katekista kuuliza kama bibi harusi ameghairi. Mama Msimamizi hakuinua hata kichwa. Niliingia kanisani cheni iko shingoni, imenyooka, na shavu moja lina poda na lingine halina. Kwenye picha ya harusi linaonekana hadi leo.

Kwa hiyo nilimjua kwanza kwa vidole vyake, ulimi wake nikaujua baadaye.

Nyumbani kwake kazi hiyo aliifanyia jikoni, kwenye kigoda, karibu na kidirisha cha upande wa migomba. Alikuwa na kipande cha kioo anachoweka mapajani, kitambaa cheusi juu yake, kopo la poda ya mtoto, na miiba miwili ya mlimao. Sindano hakuzitaka kwa cheni nyembamba, alisema zinakwaruza. Mwiba ukichakaa alitoka nje akachuma mwingine. Cheni ikimshinda sana aliidondoshea mafuta ya alizeti, na ikishafunguka aliiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akaianika juu ya kitambaa kama dagaa.

Jambo la kwanza kabla ya yote alitafuta kifungio. Kama kimeachia, alikifunga. Kisha alilipanua donge katikati, kidogo kidogo, kwa kulisukuma. Hakushika ncha akavuta. Maneno yake hayo tuliyachoka wote: usivute, kuvuta ni kazi ya ng'ombe.

Na kuna jambo alinifundisha ambalo nataka ulishike, maana litarudi. Alisema cheni ikiwa imefungwa kifungio chake, hata uitupe kwenye gunia la maharage ulitikise mpaka Pasaka, haijifungi fundo. Inajizungusha tu, inajibana, inajipitisha chini na juu yake yenyewe. Ukiwa na subira inarudi kuwa duara. Fundo la kweli lina mwenyewe. Lazima mtu akae, afungue kifungio, apitishe ncha, akaze, halafu akifunge tena.

Sheria yake ya pili ilikuwa moja kwa wote, awe mke wa mwenyekiti au mkimbizi wa zamani kutoka ng'ambo ya mto: mwenye cheni akae. Huachi cheni kwake ukaenda sokoni. Chombo cha shingo ya mtu hakilali kwangu, ndivyo alivyosema, kesho utasema nimekupunguzia. Kwa hiyo unakaa, na kwa kuwa hakupokea malipo, anakuonyesha mkungu wa ndizi na kisu. Yeye anafumua, wewe unamenya. Cheni ikiisha, ndizi zimeiva, mnakula, unaenda zako. Kuna watu walikuja na cheni ambazo hata mtoto angezifumua. Walikuja kukaa. Alijua, na hakumuuliza mtu swali. Uje jicho limevimba, uje unatetemeka, atakuonyesha mkungu na kisu. Ukitaka kusema utasema. Usipotaka, utamenya.

Mimi nilipoanza masomo ya jioni pale shule ya msingi, mtu mzima na watoto wangu, nilikuwa napita kwake nikitoka darasani. Alinisomesha Injili kwa sauti huku yeye anafumua. Nikikwama kwenye neno hakunisaidia. Alisubiri, mwiba uko hewani, mpaka nilifumue. Nikilipata alisema haya, endelea, kana kwamba hakukuwa na tatizo lolote.

Nikikumbuka cha kuchekesha, nakumbuka kikapu. Kina mama wa kigango tulitaka cheni zetu za medali ya Bikira Maria zibarikiwe parokiani, na sote tusingeweza kwenda, ni msimu wa kupanda. Katekista akashauri tuzikusanye kwenye kikapu kimoja, baraka moja itatosha wote. Tukamwaga humo cheni zetu zote, na rozari juu yake, tukamfungia kikapu nyuma ya bodaboda. Barabara yenyewe unaijua, mawe na makorongo. Zilikwenda zikabarikiwa, zikarudi. Tukafungua kikapu mbele ya kanisa, tukakuta kitu kimoja kikubwa kama kiota cha ndege. Hakuna aliyejua yake iko wapi. Palikuwa na kilio na lawama, na wa kwanza kulaumiwa ni katekista, ambaye alisema kwa unyonge kwamba angalau zimebarikiwa.

Tulihamia kwa Mama Msimamizi uwanja mzima. Mama mmoja mwenye cheni ya dhahabu akatoa hoja kwamba ile ya shaba iliyojiviringisha juu ya zote ikatwe, ni ya bei ndogo, mwenyewe atanunua nyingine. Mwenyewe alikuwepo, kajikunyata pembeni, mama mjane. Mama Msimamizi akamtazama yule wa dhahabu, akasema, "Hata ya shaba ina shingo yake." Hoja ikafia hapo. Tulimenya ndizi siku hiyo mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na kila cheni ilirudi shingoni mwa mwenyewe, nzima. Ya shaba ilikuwa ya kwanza.

Sasa usije ukadhani nakuchorea mtakatifu. Huyu mama mwenye subira ya kusubiri cheni ijilegeze hakuwa na subira na mtu hata chembe. Aligombana na kwaya kwa kuimba polepole. Aligombana na mahubiri marefu, akakohoa kwa sauti mpaka padre akafupisha. Mwanamke akilia mbele yake alimwambia apenge kamasi kwanza. Mwenyewe hakuvaa cheni. Nilipomuuliza sababu, alisema shingo yake ni ya kubebea kuni. Na alikuwa mkali kuliko wote kuhusu ndoa, kwa sababu nusu ya ndoa za kigango chetu alizisimamia yeye. Tulimwogopa. Tulimpenda, lakini tulimwogopa.

Binti yake alikuwa mmoja tu. Mtoto wa macho makubwa, mcheshi, anaimba sauti ya kwanza. Alivaa cheni ndogo ya fedha aliyovishwa siku ya ubatizo na kuongezewa pingili kadiri shingo ilivyokua. Akapendana na mkulima mmoja wa Nyabusozi, kule Biharamulo, aliyekuja kununua miche ya migomba. Bila posa, bila tangazo kanisani, tumbo likaonekana.

Ilikuwa Jumapili, baada ya sala ya jumuiya, nyumbani kwa Mama Msimamizi mwenyewe. Tumekaa wote. Binti akapiga magoti kumwambia mama yake kwamba yule kijana yuko tayari kuja kujitambulisha. Mama alinyoosha mkono, na mimi nilidhani anataka kumgusa shavu. Akaishika ile cheni shingoni, akaivuta. Akaivuta, ndugu yangu, yeye. Ilikatika na kumwachia binti mchirizi mwekundu shingoni. Akaitupa chini. Akasema mbele yetu sote kwamba yeye husimamia ndoa za watu, hawezi kukaa na aibu ndani, na kuanzia leo hana binti.

Binti aliokota cheni yake iliyokatika, akafunga kanga, akaondoka. Hakuna aliyenyanyuka.

Ikapita miaka. Habari tulizisikia kwa watu wa gulio: kwamba yule kijana ni mtu mzuri, kwamba walifunga ndoa hatimaye huko huko, kwamba wana watoto. Mama Msimamizi akisikia anabadilisha mazungumzo. Lakini nilikuwa namwona. Kila mwanamke mwenye umri ule akiingia jikoni na cheni, alimtazama kwanza usoni, haraka, kabla ya kutazama cheni.

Macho yalianza kumsumbua pembeni. Anagonga mlango, anamwaga maji nje ya sufuria. Siku ile tulipotoka hospitali tulipanda bodaboda mbili, na alipofika kwake hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti.

"Mama Deo," akaniambia, "nenda kaniletee yule. Nimwone."

Hakusema jina, na hakuhitaji.

Nilikwenda. Nilipanda mlima hadi Ngara mjini, nikachukua gari la Biharamulo, nikamalizia na bodaboda hadi Nyabusozi. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Alinikimbilia, akapiga goti, shikamoo mama, nikasema marahaba mwanangu, na ndani ya uso wa mwanamke mzima niliona yale macho ya mtoto. Alinipikia, akanipa watoto wake niwabariki. Nikamweleza habari ya macho. Hakuacha kupukuchua. Alipomaliza gunzi alilokuwa nalo, akasema kwa upole kabisa:

"Mwambie alinitazama vizuri siku ile, mbele ya watu wote. Inatosha."

Njia nzima ya kurudi nilitafuta namna ya kulipunguza neno hilo makali. Nilipofika kwake sikuweza kumdanganya. Nilimwambia kama lilivyo. Akatikisa kichwa, akasema ana haki, kisha akaniuliza amenenepa au amekonda.

Tulijaribu na simu. Nilishika simu yangu mdomoni pake, nikamwambia aseme. Akasema tu kwamba ni yeye, na kwamba mvua zimekuja vizuri huku. Tukatuma hiyo. Hatukujibiwa. Nilisali novena, sala ya siku tisa. Nikaimaliza, nikaianza nyingine. Nilimwambia Bikira Maria kwamba na wewe ulimtafuta mwanao, unajua. Kila nikienda kwake namkuta anapima macho yake: anafumba moja, anatazama migomba, anafumba lingine. Aliniambia sasa anaona kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya.

Akaamua kwenda mwenyewe. Nilimwambia asubiri kidogo, nimwandalie binti, akanijibu kwa ukali wake wa zamani kwamba bomba halisubiri. Tukasafiri. Kwenye gari alikaa dirishani, amefumba macho kwa makusudi. Nilidhani anasinzia, akasema anayatunza.

Tulifika kabla ya mchana. Moshi ulikuwa unatoka jikoni na sufuria iko mekoni, lakini hodi yetu haikujibiwa. Jirani akatuambia, huku anatazama miguu yake, kwamba mama mwenye nyumba amekwenda mbali. Tukakaa kwenye mkeka nje. Jua likapanda, likatuzunguka. Mtoto mmoja wa kike akaja kutuchungulia akakimbia. Mama Msimamizi hakuona hata kwamba mtoto amekuja, maana alikuja upande ambao yeye hauoni tena, na mimi sikusema kwa sababu mtoto alishapotea.

Kuelekea alasiri nikasikia mahindi yanapiga mchakacho nyuma ya nyumba. Na yeye akasikia. Akageuka, akatafuta kwa kichwa chote, kama kuku anavyotafuta, mpaka akaelekeza lile bomba lake penyewe. Mwanamke alikuwa anakwenda haraka katikati ya mistari ya mahindi, kanga ya bluu, hageuki. Nilitaka kuita. Akanishika mkono nisiite. Alitazama mpaka mahindi yakafunga.

Tulirudi kwa bodaboda. Tulipofika stendi, ndipo akanyoosha kanga yake akasema, "Nimeuona mgongo. Mgongo ni wa baba yake."

Usiku wa Krismasi aliuona mshumaa wa altare. Kwaresima ilipoanza, hakuuona tena. Aliniambia siku ya majivu, padre alipompaka paji la uso, kwamba amesikia kidole lakini hakuna mtu. Nilirudi nyumbani nikalala kitandani mchana na nguo za kanisani. Nilimwambia Mungu mambo ambayo sitayaandika hapa. Sikuacha kusali, ila kwa siku kadhaa nilisali kama mtu anayefagia nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Yeye aliendelea. Watu walidhani atawaambia cheni basi, lakini sheria ilibaki ile ile. Miiba aliiacha, akatumia kucha na mdomo. Alikuwa anapitisha cheni kwenye mdomo wa chini, polepole, akisikiliza pingili kwa ngozi, kisha anairudisha vidoleni. Iliyochukua saa moja sasa ilichukua mchana kutwa. Wanawake walikaa, wakamenya. Mimi niliendelea kumsomea, na nikikwama, bado hakunisaidia.

Sasa nikuambie siku yenyewe.

Ilikuwa inanyesha, ile mvua ya kupiga bati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Niko jikoni kwake nachochea moto. Mlango ukasukumwa, akaingia mwanamke amejifunika mfuko wa mbolea kichwani, maji yanamchuruzika. Alipouvua, nikaziba mdomo wangu kwa mkono. Alinitazama kwa macho yale makubwa, akatikisa kichwa kidogo: nisiseme.

Mama Msimamizi alikuwa kwenye kigoda. Akauliza ni nani. Binti alisogea, akatoa kitu kwenye pindo la kanga, akakiweka kwenye kitambaa cheusi mapajani kwa mama yake.

Mama akakigusa. "Cheni," akasema. "Karibu. Mwenye cheni akae. Mkungu uko nyuma ya mlango, kisu kiko juu ya mtungi."

Binti akakaa. Akavuta mkungu, akaanza kumenya. Nikaona ganda linakatika vipande vidogo vidogo.

Mama alitafuta kifungio kwanza, kama kawaida. Kilikuwa kimefungwa. Akapanua donge, akapitisha cheni mdomoni. Pingili, pingili, pingili. Halafu mdomo ukasimama. Palikuwa na uvimbe mdogo, mahali ambapo sonara aliunga kitu kilichokatika. Aliurudia uvimbe ule. Akaurudia tena, na ulimi.

Mimi niliacha kuchochea.

Mama akaendelea mbele, na sasa vidole vikafika kwenye lile donge lenyewe, na nikauona uso wake unabadilika. Kwa sababu halikuwa donge la cheni iliyojizungusha kwenye sanduku. Yalikuwa mafundo. Fundo, na fundo juu ya fundo, yamekazwa kwa meno, na kifungio kikafungwa vizuri baada yake. Aliyekulia jikoni mle, aliyefundishwa habari ya mafundo kabla ya kufundishwa kusoma, alikaa mahali fulani kule Nyabusozi akaivuruga cheni yake nzima kwa mikono yake, apate sababu ya kuja.

Mama alifungua mdomo. Nilidhani sasa atasema. Nilimwombea aseme. Mvua ilikuwa inapiga, na yeye akavuta pumzi ndefu, akainamisha kichwa, akauliza tu kwa sauti yake ya kila siku:

"Umetoka mbali?"

"Mbali," binti akasema.

Sauti ile alikuwa hajaisikia tangu siku ya Jumapili ile. Akafumba macho, macho ambayo hayakuwa na cha kufumbia tena, na mikono ikaendelea na kazi. Hakumuuliza kitu kingine. Ilikuwa sheria ya jiko lake, na aliishika kama mtu anavyoshika kamba kisimani.

Alifungua kifungio, akafumua fundo la kwanza. La pili. Mvua ikapungua, ikabaki ya kudondoka tu kwenye migomba. Binti alimaliza chane moja, akaanza nyingine. Sufuria yangu ilijaa. Tulikuwa watu watatu na ndizi zilikuwa za kutosha watu wa msiba.

Halafu nikaona. Cheni ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imelala kwenye kitambaa cheusi, duara safi, kifungio kimefungwa, hata fundo moja hakuna. Mama aliizungusha yote kwa kidole, kutoka kifungio hadi kifungio, akahakikisha. Nikangoja aseme tayari, maana hilo ndilo neno lake, na baada ya neno hilo watu hula, hunawa, huenda zao.

Hakulisema. Aligeuza bega kidogo, kama anayetuficha. Akafungua kifungio. Akapitisha ncha, akakaza. Akapitisha tena, akakaza. Yule mama ambaye maisha yake yote hakuacha fundo kwenye kitu cha mtu, alikaa pale akiifunga upya cheni aliyokwisha kuifungua, haraka haraka, kama mwizi. Kisha akakifunga kifungio, akaanza kufumua mwanzo.

"Hii ngumu," akasema. "Itachukua muda."

Nilimtazama binti. Alikuwa ameona yote. Kisu kilikuwa kimesimama hewani na machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni, hakuyafuta. Ndizi zilikuwa zimekwisha kwenye mkungu. Akanyanyuka taratibu, akaenda nyuma ya mlango palipokuwa na mkungu mwingine, mbichi kabisa, haujakomaa hata kumenywa. Akauvuta mpaka kwenye kigoda chake. Akakaa.

"Sina haraka, mama," akasema, akaanza kumenya.

Nilitoka nje nikawaacha.

Ndugu yangu, uso hakuuona. Nataka ulijue hilo, nisikudanganye kwamba Mungu alimrudishia macho. Binti alichelewa na mama alichelewa zaidi yake, na kila nikiwaza hilo moyo unaniuma upya. Lakini usiulaze ujumbe huu kwako. Kama unamjua mama aliyemfukuza mtoto, au mtoto aliyekaa mbali, mkute mahali anapofanya kazi, umsimulie kama nilivyokusimulia, na mgongo kwenye mahindi usiuruke. Usimhubirie. Msimulie tu mpaka kwenye mkungu wa pili, halafu unyamaze, umwache amenye.